Geuza Picha Kwanza: Kusoma na Kuokoa Picha za Zamani za Dar es Salaam

Mtu akiokota picha ya babu yake kwenye sanduku la bibi, kitu cha kwanza siku hizi ni kuipiga kwa simu, kuitia kwenye programu ya kung'arisha na kutia rangi, kisha kuitupa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Dakika tano tu, na picha imeshapoteza maandishi ya nyuma, kingo zake na hata sura ya mwenyewe, maana programu hizi hubuni. Penye ukungu huchora jicho. Penye kanga iliyofifia huchagua rangi zinayoipenda zenyewe. Penye kibao cha duka huweka vijiti visivyosomeka katika lugha yoyote. Mjukuu anabaki anamsifia babu mwenye meno mazuri ambaye hakupata kuishi duniani.

Kwetu sisi tunaoshughulika na picha hizi, kazi ina mfuatano wake na haupinduliwi: wazee kwanza, skana baadaye, usafi mwisho, na mara nyingi usafi haufiki kabisa. Picha nyingi zilizoharibikia mikononi mwa wenyewe ziliharibika kwa sababu mtu alianza na kitambaa chenye maji.

Kabla hata ya wazee, igeuze. Nyuma ndiko kuliko na muhuri wa studio, na muhuri unasema mengi kuliko suti ya mbele. Ukisomeka "Daressalam", neno moja, au ukiwa na herufi D.O.A., hiyo ni Deutsch-Ostafrika, enzi ya Mjerumani, iliyokoma mjini hapa Waingereza walipoingia Septemba 1916. "T.T." ni Tanganyika Territory, jina la utawala wa Mwingereza. Neno "Tanzania" halikuwepo kabla ya Oktoba 1964, kwa hiyo muhuri wenye neno hilo hauwezi kuwa wa zamani zaidi ya hapo. Kinyume chake hakishiki: mwenye studio hakutupa muhuri wake wa mpira kwa sababu bendera imebadilika, na T.T. inaweza kugongwa miaka kadhaa baada ya Uhuru.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Muhuri na karatasi vinaeleza picha ilisafishwa lini studio, yaani ilitolewa lini kwenye karatasi. Ilipigwa lini ni swali jingine. Negativu (filamu inayotolewa picha) ya harusi ya 1958 ingeweza kurudishwa studio 1971 na kutolewa nakala mpya kwa ajili ya mtoto anayesafiri. Tena kuna picha ya picha: negativu imepotea, mtu anaipeleka picha yenyewe studio ipigwe upya. Hiyo utaitambua kwa kukosa ukali, weusi wake kuwa mzito bila vivuli vya katikati, na zaidi ya yote kwa mikunjo, mikwaruzo au tundu la pini vinavyoonekana ndani ya picha ilhali karatasi uliyoshika ni nyororo. Basi andika tarehe mbili, ya kupigwa na ya kutolewa, hata kama moja ni makadirio.

Postikadi zina kalenda yake. Ujerumani iliruhusu mgongo wa postikadi ugawanywe kwa mstari, anwani kulia na ujumbe kushoto, kuanzia 1905. Kadi ya Dar es Salaam yenye mgongo usiogawanywa, salamu zikiwa zimebanwa mbele pembeni mwa picha, imechapwa kwa utaratibu wa kabla ya hapo. Stempu inasaidia pia: zenye thamani iliyoandikwa "pesa", jina la sarafu ndogo ya wakati huo, ni za kabla ya 1905; za heller, sarafu iliyochukua nafasi yake, ni za baadaye. Stempu zilizogongwa G.E.A. (German East Africa) ni za Waingereza kuanzia 1917. Twiga wa Tanganyika anaingia 1922, na kuanzia 1935 unakuta majina matatu pamoja, Kenya, Uganda na Tanganyika. Ila kadi ingeweza kulala dukani miaka kumi kabla ya kununuliwa, kwa hiyo stempu na mhuri wa posta ni ukomo wa juu: picha ilipigwa kabla ya siku hiyo.

Karatasi yenyewe, ukiizoea, inaongea kwa vidole. Karatasi za zamani ni nyuzi tupu za karatasi zilizopakwa gelatini. Hujikunja zikikauka, na kona ikichanika unaona nyuzi. Karatasi zilizofunikwa plastiki pande zote zilianza kwa picha za rangi mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuenea muongo uliofuata. Zimenyooka na zinateleza. Picha ya mraba ya rangi, kama sentimita 9 kwa 9, kwa kawaida imetoka kwenye kamera za kaseti zilizoingia sokoni 1963. Kingo zilizokatwa kama meno ya msumeno zilipendwa kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960. Rangi iliyogeuka nyekundu yote, hata majani, ni dalili ya picha za rangi za miaka ya 1970 zilizokaa gizani: rangi ya samawati ndiyo inayokufa mapema, nyekundu inabaki peke yake.

Kipimo kimoja rahisi kipo kwenye meza ya kila wakala wa kutuma fedha: taa ya kukagulia noti bandia. Viwanda vilianza kutia king'arishi kwenye karatasi za picha katika miaka ya 1950. Zima taa ya chumba, mulika sehemu nyeupe ya ukingo au mgongo wa picha kwa sekunde mbili tatu. Ikiwaka kwa weupe wa buluu, karatasi hiyo si ya enzi ya Mjerumani hata kama anayeiuza anaapa. Isipowaka, haithibitishi kitu, kwa kuwa si karatasi zote za baadaye zilitiwa king'arishi.

Kuna tarehe nyingine ambayo watu huiamini kupita kiasi, zile tarakimu za rangi ya machungwa kwenye kona ya picha za miaka ya 1980 na 1990. Saa ya kamera ilitegemea betri ndogo; ikibadilishwa na mwenyewe asiweke tarehe upya, kamera inaanza kuhesabu tangu mwaka wa kiwandani. Isitoshe, kamera nyingine zilitanguliza mwaka, nyingine mwezi, nyingine siku. Ziandike kama zilivyo, usizitafsiri.

Sasa mbele. Picha za mjini Dar es Salaam zina bahati ya kuwa na majengo yanayojulikana. Picha iliyopigwa kutoka bandarini ikionyesha mnara wa Kanisa la Kilutheri la Azania Front na ncha ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu vimekamilika, ni ya kuanzia 1902 hivi. Sanamu ya Askari mjini ni ya 1927. Kabla yake Wajerumani walikuwa na sanamu ya gavana wao Wissmann, ambayo ilikuja kuishia Hamburg, na wanafunzi wakaiangusha huko 1968. Mnara wa Saa ulijengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji Desemba 1961. Hoteli ya Kilimanjaro ikitokeza juu ya miti ya ufukweni, upo 1965 au baada yake. Soko la Kariakoo lenye paa la miavuli ya zege, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilijengwa kati ya 1970 na 1974. Basi refu la kumbakumba lenye maandishi ya UDA (Usafiri Dar es Salaam) haliwezi kuwa la kabla ya 1974, maana kabla ya hapo ilikuwepo kampuni ya mabasi ya DMT.

Mitaa inataka umakini kwa sababu mzee mmoja hutumia jina la Mwingereza na mwingine la Uhuru, wote wakisema ukweli. Samora ya leo iliitwa Unter den Akazien kwa Wajerumani, Acacia Avenue kwa Waingereza, kisha Independence Avenue. Kichwele ni Uhuru. New Street, ilipokuwa ofisi ya TANU, ni Lumumba. Barabara ya Pugu ni Nyerere. City Drive ikawa Sokoine Drive, na Ocean Road imekuwa Barack Obama Drive tangu 2013. Weka kwenye kumbukumbu jina alilolitaja mzee na la leo, yote mawili. Ukiandika la leo peke yake umelifuta jina ambalo mtafiti wa kesho atalihitaji ili kuioanisha picha na ramani au barua ya wakati ule.

Kabla ya kuamini mtaa wowote, hakikisha picha haijageuzwa kushoto kulia. Negativu ikiwekwa ubavu wa pili wakati wa kusafisha, mji mzima unahama: bahari inakaa upande isikokuwa. Maandishi ya vibao hukwambia mara moja. Yasipokuwepo, tazama mashati ya wanaume: mfuko wa kifua hukaa upande wa moyo, yaani kulia kwako wewe unayetazama. Wanaume sita wenye mfuko upande usio wake na saa mkono wa kulia hawakukubaliana kuvaa hivyo.

Mavazi nayo yanasaidia, lakini kwa mipaka. Bugaluu (suruali pana miguuni) na raizoni (viatu vya soli nene) vinakupeleka miaka ya 1970. Sketi fupi ilipigwa marufuku na Umoja wa Vijana wa TANU kwa azimio la Oktoba 1968, utekelezaji ukaanza Januari 1969, na bado marufuku si kalenda: nguo iliyokatazwa barabarani iliweza kuvaliwa mbele ya kamera ndani ya chumba kilichofungwa pazia. Kanga ina maandishi. Yakuze, yasome, yanakili neno kwa neno, kwa sababu jina la kanga laweza kukumbukwa na shangazi aliyeinunua. Suti ya studio usiifanye ushahidi wa utajiri. Studio nyingi ziliazima koti, tai, saa ya mkononi, hata redio na simu isiyounganishwa popote. Kinachofaa zaidi kwenye picha ya studio ni pazia la nyuma na sakafu: nguzo zilizochorwa, ua la plastiki, miraba ya sakafu. Picha mbili za familia mbili tofauti zenye pazia lilelile na doa lilelile zimetoka studio moja, na mojawapo ikiwa na muhuri umezitambua zote. Rangi ya midomo na mashavu kwenye picha nyeusi na nyeupe iliyopakwa kwa brashi ni uamuzi wa fundi, usiitumie kueleza rangi ya gauni.

Tuje kwa wazee, ambako ndiko kuna utajiri wenyewe.

Usimpelekee mzee picha halisi. Macho hayaoni vizuri, mikono inatetemeka, na kila mjukuu anayepita ataishika kwa vidole vyenye mafuta ya maandazi. Skani kwa haraka au ipige vizuri, toa nakala nyeusi na nyeupe ya A4 kwenye steshenari, na kwenye nakala hiyo weka namba juu ya kila kichwa, kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza. Simu iwekwe kurekodi kwa ruhusa, sauti itakayobaki nayo ni hazina.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoharibu zaidi kuliko maji. Ukisema, "Shikamoo bibi, hapa ni Magomeni, sivyo?" utajibiwa, "Marahaba mwanangu. Ehe, Magomeni." Bibi hajaitazama, amekustahi tu. Uliza, "Bibi, hapa mlikuwa wapi?" kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hata dakika nzima. Usitaje mwaka, wazee wengi hawahesabu maisha kwa miaka ya kalenda, wanahesabu kwa matukio. Uliza kama ilikuwa kabla au baada ya Uhuru, kabla au baada ya askari wa kambi ya Colito kuasi (Januari 1964), ya Azimio la Arusha (Februari 1967), ya vita vya Kagera (1978 na 1979), ya msako wa wahujumu uchumi (1983), ya kufa kwa Sokoine (Aprili 1984), ya ujio wa Papa (Septemba 1990). Ukishapata kabla na baada, umeshabana miaka.

Kalenda bora kuliko zote ni mtoto mdogo aliyebebwa. Mtu mzima wa miaka 30 na wa 40 kwenye picha iliyofifia hawatofautiani sana, lakini mtoto asiyekaa na anayesimama wametengana miezi michache. Mtambue mtoto, tafuta cheti chake cha ubatizo au cha kuzaliwa, na picha imepata mwaka, pengine na msimu.

Jina nalo lichimbwe. "Huyu ni Mama Asha" halitoshi; baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua ni Mama Asha yupi. Uliza jina lake la kuzaliwa, mtoto wa nani, alitoka wapi, na mzee mwenyewe alimwita nani: shangazi, mama mdogo, shoga, mtani. Neno la ukoo likiachwa hewani linapotosha, kwa sababu "baba" wa Dar anaweza kuwa baba mkubwa, na "kaka" mtoto wa mjomba. Waulize wazee wawili kwa nyakati tofauti, wasikae pamoja, maana mwenye sauti atamfunika mwenye kumbukumbu. Wakipingana, andika kauli zote mbili na nani kaisema ipi. Kuchagua mshindi si kazi ya siku hiyo.

Lipo na jambo la staha. Picha inamrudisha marehemu ghafla, kwa hiyo mpe mtu nafasi ya kunyamaza au kuiacha. Wapo akina bibi waliopigwa kichwa wazi wakiwa wasichana na leo hawataki picha hiyo izunguke. Wakisema iwekwe kando, inawekwa kando, na faili linaandikwa hivyo.

Baada ya hapo, skana. Tumia ya kioo bapa, kamwe usitumie ile inayovuta karatasi. Rola zake hukwaruza gelatini na ikikwama imekwama na picha yako. Futa kioo kwa kitambaa kikavu laini. Zima kila kitufe cha kuboresha moja kwa moja: kung'arisha, kuondoa vumbi, kurudisha rangi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi; utapata takriban pikseli 2,360 kwa 3,540, faili la TIFF la rangi lenye kama megabaiti 25. Pasipoti saizi na picha ndogo za sentimita 6 kwa 6 zipande hadi 1,200, maana sura ndani yake ni ndogo kama punje ya mahindi. Mkanda wa milimita 35 unataka 2,400 na zaidi, kwa skana yenye taa ya juu. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, ili madoa na wino vitofautike baadaye. Acha ukingo wote uonekane, pamoja na ule weupe. Kisha geuza, skani mgongo, hata kama ni mtupu. Mgongo mtupu nao ni taarifa.

Albamu ipigwe ukurasa mzima kwanza, kabla hujabandua chochote. Mpangilio wa ukurasa ni hadithi ya aliyeupanga: nani kawekwa pembeni ya nani, nani kakatwa kwa mkasi. Namba ya faili ifuate hapohapo: albamu, ukurasa, nafasi ya picha, kisha A kwa mbele na B kwa nyuma. Kwenye picha yenyewe andika namba kwa penseli laini, 4B au zaidi, nyuma, karibu na ukingo, picha ikiwa imelala juu ya kioo. Kalamu ya wino huvuja na kubonyeza hadi mbele; maka huonekana upande wa pili baada ya muda. Karatasi za plastiki hazipokei penseli, hizo ziandikie bahasha.

Kama skana hakuna, simu inafaa ukiifanyia adabu. Laza picha juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, au weka taa mbili sawa, moja kila upande, kwa pembe ya nyuzi 45. Flashi izimwe. Simu iwe sambamba kabisa na picha. Ikiinama, uso wa mtu unarefuka na baadaye watu watabishana kama ni ndugu. Usikuze kwa vidole, sogea. Na faili likienda kwa WhatsApp litumwe kama waraka, maana likitumwa kama picha linabanwa na tarehe za ndani zinafutwa.

Sasa madhara yanayoonekana sana kwenye nyumba za Dar es Salaam, na la kwanza ni picha kugandia kwenye kioo cha fremu. Gelatini hulainika penye unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Picha iliyobanwa juu ya kioo bila karatasi ya kuitenga inashikana nacho kama gundi. Usiivute. Usiloweke. Usipitishe kisu. Ondoa mgongo wa fremu, acha picha na kioo pamoja, skani ukiwa umelaza kioo juu ya skana, basi. Picha mpya itakayowekwa ukutani itengwe na kioo kwa fremu ya kadibodi ya milimita mbili hivi, na itundikwe ukuta wa ndani. Afadhali hata hivyo ukutani ikae nakala, ile halisi ilale kwenye boksi.

La pili ni kulamineti. Steshenari ya mtaani itakufanyia kwa bei ndogo na itaonekana imepona, ila joto na gundi ya plastiki havirudi nyuma, unyevu uliokuwemo unabaki ndani, na hakuna fundi atakayeitoa bila kuichuna. Vitambulisho vilamineti, picha za babu hapana. Seloteipu iko kundi hilohilo: huacha gundi ya kahawia inayopenya hadi mbele.

Albamu za kurasa zenye gundi na karatasi ya plastiki juu, zilizopendwa sana miaka ya 1970 na 1980, huua picha polepole. Gundi hukauka, picha inashika kabisa au inadondoka. Kubandua, pitisha uzi wa kusafishia meno usio na nta chini ya kona na uukate taratibu kama msumeno, ukurasa ukiwa bapa na picha isikunjwe. Isiposogea, iache na uskani ukurasa.

Ukungu wa kuvu usiufute ukiwa mbichi, unausambaza na kuchimba gelatini. Itenge picha na nyingine, iache siku kadhaa kwenye chumba kikavu penye feni isiyoielekea moja kwa moja, kisha nje, ukiwa na barakoa, ipanguse kwa brashi laini sana kutoka katikati kwenda pembeni. Spiriti, mate, mkate na wipesi za watoto visikaribie.

Mafuriko ni suala la mji huu. Desemba 2011 maji ya Msimbazi yaliingia nyumba za Jangwani na mabonde jirani, na pamoja na magodoro vilikwenda visanduku vya picha. Picha zilizolowa zina kama siku mbili kabla ya kuvu kuanza. Zikiwa zimegandana na bado mbichi, ziweke kwenye beseni la maji safi baridi, ziache zitengane zenyewe kwa kuzichezesha polepole, suuza, laza kila moja uso juu kwenye kitambaa au wavu, kivulini. Uso usiguswe na kitu. Zilizotolewa kwa printa ya wino na zile za kamera ya papo kwa papo zisiingie kwenye beseni. Zikiwa nyingi kuliko meza zako, zifunge kidogokidogo kwenye mifuko na uzigandishe kwenye friza hadi upate nafasi. Zilizokwisha kukauka zikiwa zimegandana, ziache zilivyo hadi mtu anayejua azione.

Negativu zenye harufu ya siki zitengwe leo hii. Msingi wake wa asetati unaoza na mvuke wake huambukiza jirani. Ziskani mapema, zitajikunja na kupasuka. Mikanda ya kabla ya miaka ya 1950 isiyo na neno SAFETY pembeni inaweza kuwa ya naitreti, inayoshika moto kwa urahisi mno: isikae na nyingine, isikae jikoni, isijaribiwe kwa kiberiti. Vioo vya negativu vya enzi ya Mjerumani, aghalabu sentimita 9 kwa 12 au 13 kwa 18, husimamishwa kwa ubavu mrefu, kila kimoja kwenye karatasi yake, na hushikwa kingoni tu. Upande usiong'aa ndio wenye picha.

Boksi likae rafu ya ndani, angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa bafu na dari ya bati. Bahasha za kaki na magazeti vina asidi. Karatasi nyeupe nzuri inafaa zaidi. Plastiki yenye harufu kali ya "upya" ni ile ile inayonata baada ya miaka. Vipakiti vya kunyonya unyevu vinasaidia mkikumbuka kuvikausha, vikishajaa havifanyi kitu. Kazi ya kufungua maboksi na kupepeta ifanywe Juni hadi Septemba, hewa ikiwa kavu kidogo; wakati wa masika yaache yamefungwa.

Kutafuta picha zinazofanana na yako, jua kwamba nyingi za mji huu ziko mbali. Za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam, ziko Kumbukumbu za Shirikisho la Ujerumani chini ya namba Bild 105-DOA, na maelfu ya picha za hazina hiyo ziliwekwa wazi mtandaoni Desemba 2008. Andika "Daressalam" unapotafuta, sio tahajia yetu. Uingereza picha za Wizara ya Makoloni zina alama CO 1069. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki. Hapa nyumbani kuna Idara ya Habari MAELEZO kwa shughuli za serikali, Kumbukumbu za Taifa kule Upanga, na Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa 1940. Nenda na tukio na mwaka mkononi. "Nataka picha za zamani" haimsaidii mtunza nyaraka kitu.

Maelezo ya picha za kikoloni yasomwe kwa jicho la pembeni. Postikadi ziliandikwa ili ziuzwe Ulaya, ndiyo maana jina la mpiga picha lipo na la mwenye nyumba halipo, kaitwa "mwanamke Mswahili" basi. Mitandaoni hali ni mbaya zaidi. Picha ya wanaume waliofungwa minyororo shingoni, askari mwenye sare kasimama kando, huzungushwa kila mwaka kama biashara ya utumwa ya 1850. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, na sare zile ni za utawala wa Mjerumani: hao ni wafungwa au watu wa kazi za kulazimishwa. Kosa hilo linamwondolea mzigo aliyefanya na kumtwika mwingine.

Unapoituma yako, maelezo yaende ndani ya picha yenyewe, kwenye ukanda mweupe ulioongezwa chini, kwa sababu maneno ya pembeni yanadondoka ikisambazwa mara ya pili: namba, nani, wapi, mwaka kwa "takriban", nani katambua, lini. Faili kuu zikae sehemu tatu, moja nje ya nyumba. Flashi za bei ya kutupa zina ujanja, huandikwa gigabaiti 128 na kubeba robo yake. Ijaze yote, fungua faili za mwisho, zikikataa kufunguka irudishe dukani siku hiyohiyo. Na taasisi ikiomba kuchukua picha halisi, itolewe kwa barua yenye orodha ya namba, ikisema kama ni zawadi au azima, nani anaruhusu kuchapishwa, na kwa saini za pande mbili. Nakala moja ya barua irudi kwenye boksi, mahali picha zilipotoka.